Diski "imepinda": maana yake hasa usukani ukitetemeka unapofunga breki

Uko kwenye kilomita 100 kwa saa, barabara imenyooka, usukani umetulia. Mbele lori linapunguza mwendo. Unakanyaga breki, wala si kwa nguvu, na usukani unaanza kucheza kushoto kulia, kasi kiasi cha kuutikisa mkono mpaka kiwiko. Gari likishuka hadi 50 hivi mtetemo unafifia. Ukiachia pedali mapema, unakatika hapohapo. Ukimweleza fundi, jibu linatoka kabla hujamaliza: "Diski zimepinda hizo."

Kama jina la ugonjwa halina ubaya, kila mtu anajua linaelekeza wapi. Shida ni mtu akiliamini neno kwa neno. Diski ya breki, ile sahani inayozunguka pamoja na gurudumu, ni chuma kizito, na ni nadra ijikunje kama sahani ya bati iliyoachwa motoni. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba unene wake haulingani tena mzunguko mzima: upande mmoja mnene kidogo, mwingine mwembamba kidogo. Na hicho "kidogo" ni kidogo kweli. Magari mengi madogo huvumilia tofauti ya unene ya milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo sehemu ya tano ya karatasi inaweza kutosha kuutikisa usukani. Ndiyo maana kuitazama diski kwa jicho, au kuipitisha kidole, hakuthibitishi kitu.

Unapokanyaga breki, pedi mbili zinaibana diski kutoka pande zote mbili. Sehemu nene ikipita katikati yake, inazisukuma zitanuke. Shinikizo la mafuta ya breki linapanda, na gurudumu linazuiwa zaidi. Ikija sehemu nyembamba, zuio linalegea. Basi gurudumu linavutwa na kuachiwa, linavutwa na kuachiwa, mara moja au zaidi kila linapozunguka. Kwa kuwa gurudumu la kushoto na la kulia hayavutwi kwa pamoja wala kwa nguvu sawa, mvuto unapita kwenye tairodi (fimbo zinazounganisha magurudumu na usukani) na kufika mikononi mwako. Sehemu ya shinikizo hurudi kwenye mafuta, na ndiyo maana wakati mwingine pedali nayo hupigapiga chini ya unyayo.

Lakini kwa nini ni barabara kuu tu, mjini kimya? Piga hesabu. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linasafiri karibu mita 28 kila sekunde. Tairi lenye mzingo wa mita 2 hivi linazunguka mara 14 ndani ya sekunde hiyo. Mfumo wa usukani na miguu ya mbele una mdundo wake wa asili, na kwa magari mengi uko maeneo hayohayo. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo unazaa mbembeo mkubwa. Kwenye 50 mapigo yanabaki 7 kwa sekunde, hayakutani tena na mdundo ule. Diski ni ileile na kasoro ni ileile, ila hakuna wa kuikuza.

Sasa unene unaharibikaje? Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, kwa sababu chanzo mara nyingi si diski yenyewe, ni namna ilivyokaa. Diski ikifungwa kwenye habu (kitovu kinachobeba diski na gurudumu) yenye kutu au tope lililokauka, haikai wima sawasawa, ikizunguka inayumba. Chembe ya kutu ya milimita 0.05 karibu na katikati inaweza kuwa myumbo wa karibu mara mbili yake ukingoni, na magari mengi yanaruhusu milimita 0.05 hadi 0.1 tu. Nati za gurudumu zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana nazo huweza kuivuta diski ikae upande.

Jambo la ajabu ni kwamba myumbo huo, siku ya kwanza, huusikii. Kalipa (kifaa kinachoshika pedi na kuzibana) inayoteleza vizuri inaufuata tu. Ila wakati unaendesha bila breki, eneo lilelile la diski linaigusa pedi kila mzunguko, linalika kidogo kidogo, mpaka baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imekuwa nyembamba. Hapo mtetemo unaanza. Mwenye gari analaumu diski mpya kuwa "feki", ananunua nyingine, inafungwa juu ya kutu ileile, na hadithi inaanza upya. Mimi niliipita njia hiyo mara mbili kabla fundi mmoja hajavua diski, akapitisha brashi ya waya kwenye uso wa habu, na magamba ya kahawia yakaanza kudondoka.

Chanzo kingine ni joto. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya breki, kisha ukasimama na kuendelea kukanyaga pedali, pedi zilizoiva zinaacha utando mahali pamoja. Eneo hilo linashika tofauti na mengine, na likizidi kuungua chuma chenyewe hubadilika kuwa kigumu zaidi, hakiliki sawa na wenzake. Alama zake wakati mwingine zinaonekana: mabaka ya bluu au meusi.

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza gari. Likitetemeka kwenye mwendo huohuo hata bila kukanyaga breki, anza na balansi ya magurudumu, rimu na tairi. Likitetemeka kwa breki tu na usukani ndio unaocheza, tuhuma ya kwanza ni breki za mbele. Usukani ukitulia lakini kiti kikatikisika, geukia nyuma. Kwa gari lenye handibreki ya mkono inayotumia breki hizohizo za nyuma, unaweza kujaribu kwenye barabara tupu, iliyonyooka na kavu: ivute taratibu huku kitufe kimebonyezwa, tayari kuiachia. Mtetemo ukitokea, dalili ziko nyuma. Handibreki ya umeme usiifanyie mchezo huo. Na usichanganye haya na pedali kupigapiga haraka kwa mkwaruzo unapofunga breki ya ghafla kwenye utelezi. Hapo ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake.

Ushahidi wenyewe unatoka kwenye vipimo. Gurudumu linavuliwa, diski inabanwa kwa nati zake zenye washa, na geji ya mshale inasimamishwa ncha yake ikigusa uso wa diski, milimita 10 hivi kutoka ukingoni. Diski inazungushwa polepole kwa mkono huku fundi akitazama mshale. Kisha mikromita inapima unene sehemu nane kuzunguka diski, zote umbali uleule kutoka ukingoni. Myumbo ukizidi, diski inavuliwa na kusogezwa tundu moja la nati, halafu inapimwa tena. Myumbo ukihama pamoja na diski, kosa ni lake. Ukibaki upande uleule wa habu, tafuta kutu, habu au beringi.

Pini za kalipa lazima ziteleze, maana zikikwama, pedi moja inaburuzwa siku nzima. Viungo vya miguu ya mbele, yaani bushi za mikono ya chini, bojointi na tairodi endi, vitikiswe pia. Vikilegea huwa havianzishi mtetemo wa breki, ila vinaukuza, na bojointi iliyochoka ni hatari kuliko mtetemo wenyewe.

Diski yenye unene wa kutosha inaweza kukerezwa (kuchongwa uso kwa mashine), bora ikiwa imefungwa kwenye gari lake, ili myumbo wa habu nao uhesabiwe. Kipimo cha chini cha unene kimepigwa mhuri kwenye diski yenyewe. Chini ya hapo inatupwa. Ukifunga mpya, zifungwe mbili za ekseli moja pamoja na pedi mpya, habu iking'aa, nati zikikazwa kwa mtindo wa nyota na spana ya kupimia nguvu. Kisha punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe katikati, ili pedi zipake utando wake sawasawa diski nzima.