Ganda la taco si chapati ya jana

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, alinipigia simu saa tatu usiku. Kijana wake karudi kutoka Marekani na maboksi sita ya maganda ya taco kwenye begi, na kipaimara cha binti wa mwisho kilikuwa kesho kutwa. "Mama Chapati," akaniambia, "haya mambo yanakatika kama vigae. Wazee nitawapa nini? Bibi yao kabakiwa na meno manne."

Kabla sijaendelea: ninaandika taco kwa c makusudi. Liandike Kiswahili, halafu uliweke kwenye kadi ya menyu atakayoisoma paroko, uone.

Basi. Taco ni chapati nyembamba ya mahindi, Wameksiko wanaiita totila, unaikunja, unatia nyama au maharage katikati, unakula kwa mkono. Huko kwao ya kawaida ni laini. Hii ngumu ya kwenye boksi, yenye umbo la mtumbwi, imekulia zaidi Marekani. Mmeksiko mmoja aliyekuwa na mgahawa New York, Juvencio Maldonado, alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1950 ya fremu ya kushikilia totila nyingi zikiwa zimekunjwa ndani ya mafuta ya moto. Nalitaja hilo kwa sababu ya kazi iliyo mbele yetu: ganda limekaangwa likiwa limekunjwa tayari. Mgongo wake haujawahi kunyooka tangu uive, na hapo ndipo litakapokatikia.

Mimi nimepika chapati za biashara hapa Kigoma miaka kumi na saba, kwa hiyo nilijiona najua. Nikanyunyiza maji kidogo kwa vidole, nikaweka kwenye kikaango cha moto, kama ninavyofufua chapati iliyolala. Juu likavimba na kuwa na malengelenge, ndani likabaki kavu, nilipoligusa likagawanyika mara tatu. Msaidizi wangu akasema, "Mama, si tuyaloweke tu kwenye maziwa?" Tukaloweka moja. Ukitaka kuinyanyua kwa mkono inabaki nusu kwenye bakuli. Uji.

Usiku huo nikakaa nikafikiri, nikagundua kwamba nilikuwa natibu ugonjwa mwingine.

Chapati inapokuwa ngumu kesho yake, mara nyingi haijakauka. Maji yake mengi bado yamo. Kilichotokea ni kwamba wanga ulioiva, ule uliovimba na kulainika kwenye moto, ukipoa unaanza kujipanga upya na kushikana, na hapo chapati inakaza. Ukiipasha ikavuka nyuzi 60 hivi, sehemu kubwa ya ule mshikano inaachia, chapati inarudi karibu kama ilivyokuwa. Ndiyo sababu pia nawakataza wateja wangu kuweka chapati kwenye friji. Ubaridi wa friji ndio unaoharakisha kukaza huko kuliko hata meza ya jikoni. Kama lazima uhifadhi, gandisha kabisa.

Ganda la taco halijakaza, limekaushwa. Totila laini iliyotoka kikaangoni karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiikaanga mpaka iache kutoa mapovu kwenye mafuta, ujue maji karibu yote yamekwenda, maana yale mapovu ndiyo maji yenyewe yanayotoka. Wanga mkavu kiasi hicho unakuwa kama kioo: unalia, unavunjika, haupindi. Ukiupa moto tu, unazidi kukauka. Unachotakiwa kuurudishia ni maji, lakini machache sana, na yaingie taratibu.

Mtu wa ziwani ameliona hili bila kujua. Acha pakiti ya biskuti wazi Kibirizi, kando ya ziwa, usiku mmoja wa masika, asubuhi biskuti inapinda. Hakuna aliyeimwagia maji. Imekunywa unyevu wa hewani. Sisi tunafanya hilo hilo, ila kwa dakika chache na kwa mvuke.

Jambo lingine la kujua kabla hujawasha jiko: usitegemee livutike kama chapati. Unga wa ngano una gluteni, ule utepe unaouona ukivuta donge. Mahindi hayana. Kinachoshikilia totila ni namna mahindi yalivyoandaliwa: yanachemshwa na kulazwa kwenye maji ya chokaa, ganda la nje linalegea, punje zikisagwa zinatoa donge linalonata. Chokaa hiyo hiyo inafungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya mahindi. Mahindi yalitufikia kutoka huko Marekani ya kati, ila ufundi wa chokaa uliachwa nyuma. Ndiyo maana, kwa wanaoniuliza kila mara, sembe yetu ukiikanda haifanyi totila. Inapasuka kingo kabla hujaigusa na mti wa kusukumia.

Haya, jikoni.

Sufuria pana, maji vidole viwili tu, jiko la mkaa likiwa na moto wa wastani. Juu yake chujio la chuma, lile la kuchujia tambi, chini yake pasiguse maji. Mfuniko uufunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, ncha ukazifunge juu ili zisishike moto. Hili la kitambaa usiliruke. Mvuke ukigonga mfuniko baridi unageuka matone, tone likiangukia ganda linaacha shimo la uji ukubwa wa sarafu. Kitambaa kinanyonya.

Maji yakishachemka vizuri, panga maganda matatu au manne, mdomo chini na mgongo juu, ili mvuke uingie ndani ya mkunjo. Funika. Hesabu mpaka thelathini. Yangu yalitaka kati ya sekunde 30 na 40, ila maganda yako yanaweza kuwa manene kuliko yangu, jaribu na moja kwanza. Hapa kwetu Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 na kitu, si mia. Ndugu zangu wa Tabora mko juu zaidi, ongezeni sekunde chache.

Funua, ukae pembeni mvuke usikuchome. Likiwa tayari utaona rangi imekolea kidogo na ule mng'ao wa mafuta umefifia. Ligonge kwa kucha. Kabla lilikuwa linasema "ta, ta". Sasa linasema "tu". Ukilibana kingo kwa vidole viwili zinakubali kidogo. Hapo watu wengi wanalichukua wakalifungua, linakatika mgongoni, wananipigia simu kulalamika. Bado! Unyevu uko juu tu, katikati pakavu. Yaweke kwenye hotipoti iliyotandikwa kitambaa kikavu, yamelaliana, ufunge dakika mbili. Katika dakika hizo unyevu unatoka juu unasogea ndani, ganda zima linakuwa sawa. Nilipopuuza hatua hii nilivunja maganda matano kati ya manane. Nilipoifuata nilivunja moja.

Ukilitoa, lifungue kwa upole mpaka upana wa kiganja. Usilinyooshe likawa sahani, halitakubali. Na ujaze hapo hapo. Likipoa wazi linageuka kuwa kama ngozi ya ngoma: halivunjiki, lakini halitafuniki.

Mwenye maikrowevu afunge mawili ndani ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, sekunde 15, basi. Inafanya kazi, ila ukipitiliza kidogo unapata ile ngozi ya ngoma mapema, na sisi hapa umeme ni wa kubahatisha.

Kama boksi lina harufu ya mafuta ya zamani, ile inayokwaruza kooni, hakuna mvuke utakaoiondoa. Tupa. Kati ya maboksi yetu sita moja lilikuwa hivyo.

Siku ya kipaimara nilikuwa na wageni zaidi ya sitini na chujio moja. Mvuke kwa wote usingewezekana, nikaamua maganda ya mvuke yawe ya meza ya wazee. Ndani niliweka mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma uliochambuliwa miiba, nikauzungushia rosti ya nyanya na vitunguu iliyokaangwa kwa mawese kidogo. Rosti nayo inaendelea kulainisha kutoka ndani, kwa hiyo niliijaza dakika tatu kabla ya kupeleka mezani, si zaidi. Kwa vijana niliacha maganda magumu, nikatanguliza majani ya kabichi ili rosti isiguse ganda, wakayasikia yakilia vizuri.

Kwa wale wa katikati, wanaotaka ulaini wa nje na mlio wa ndani, nilifanya kitu ambacho sasa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Chukua chapati laini, nyembamba, ya moto. Ipake maharage yaliyopondwa mazito, ya nazi, kama unavyopaka siagi kwenye mkate. Weka ganda gumu katikati, pandisha chapati pande zote mbili ikumbatie ganda. Maharage ndiyo gundi. Ganda likivunjika mtu akiuma, halimwagiki, chapati imeshika kila kitu. Baba mmoja alikula manne akaniuliza kama hiyo ndiyo taco ya Wameksiko. Nikamwambia ni ya Mwanga.

Bibi wa meno manne alimaliza ya mvuke mbili. Ya tatu aliiomba ifungwe kwenye foili.

Tulibaki na vipande vilivyovunjika, karibu sinia zima. Usivitupe. Wameksiko wana chakula chao, chilakiles, cha vipande vya totila vilivyokaangwa na kugeuzwa kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili. Asubuhi nilichemsha mchuzi wa jana wa maharage, nikautia pilipili mbuzi mbili, nikamwaga vipande ndani, nikageuza dakika moja nikaepua kabla havijawa uji. Msaidizi wangu akavunja yai juu, akafunika. Tukala na chai ya rangi, tumekaa kwenye ndoo mbili nyuma ya banda, maana viti vyote vilikuwa bado kwenye kipaimara.