Kuusawazisha Mpindo wa Upinde wa Mti

Wanaoanza kuchonga pinde huuliza kwanza kuhusu aina ya mti. Mti una maana yake, lakini pinde nyingi nilizoletewa zikiwa zimevunjika zilikuwa za mti mzuri kabisa. Zilivunjika kwa sababu zilivutwa kwa nguvu kabla mikono yake, yaani zile pande mbili zilizo juu na chini ya mshiko, haijaanza kupinda kwa usawa.

Upinde unapovutwa, mgongo wake, ambao ni upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa, na tumbo lake, upande unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Mti mkavu huvumilia kunyooshwa kuliko kubanwa, kwa hiyo mgongo ukiwa mzima, tumbo ndilo huchoka kwanza: nyuzi zake hupondeka, na upinde hubaki umejikunja hata baada ya upote, yaani uzi wa upinde, kuvuliwa. Mgongo nao hudai kwamba nyuzi zake zisikatwe. Kwa hiyo mimi hufuata pete moja ya ukuaji kutoka ncha hadi ncha, na baada ya hapo siutii chuma tena upande huo. Chochote kitakachoondolewa kitatoka tumboni na ubavuni. Mti uwe umekauka hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 12, kwani ule mbichi hujikunja moja kwa moja, na uliokauka kupita kiasi hukatika ghafla.

Ugumu wa mkono hupungua sambamba na upana wake, lakini kwa unene hupungua kwa kipeo cha tatu. Ukitoa milimita 1 mahali penye unene wa milimita 12, mahali hapo hupoteza karibu asilimia 23 ya ugumu, ilhali kupunguza upana kwa kiasi hicho hicho cha sehemu moja ya kumi na mbili kungepoteza asilimia 8 tu. Ndiyo sababu huweka tezo kando mapema, nikaendelea kwa tupa ya meno makubwa, kisha kwa kikwangulio peke yake.

Kwanza hukita ncha sakafuni na kuusukuma mshiko, ili mkono uanze kupinda kidogo. Kisha upinde hukaa juu ya kigingi ukutani, upote mrefu ukifungwa kwenye kamba inayopita kwenye kapi na mizani, nami nikiivuta kamba hiyo nikiwa mbali kiasi cha kuuona wote. Palipo pagumu hupatia alama ya penseli, na hapo tu ndipo ninapokwangua. Penye udhaifu hapaguswi hata kidogo. Hurekebishwa kwa kupunguza kwingine kote. Baada ya kila ukwanguaji upinde huvutwa kwa upole mara 20 au 30, kwa maana mti hauonyeshi badiliko lake papo hapo, na asiyesubiri hukuta amepunguza mara mbili.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: mizani isipite nguvu iliyokusudiwa. Kama nguvu ya kuuvuta upinde itakuwa kilo 18, nasimama kwenye kilo 18 hata kama upote umesogea sentimita 20 tu, na nasimama kabla ya hapo endapo kasoro itaonekana. Kuuvuta upinde wenye kasoro ili kuitazama vizuri zaidi ni kuikaza kasoro hiyo ndani ya mti.

Jicho hudanganyika kwa mti wenye mawimbi ya asili, kwani sehemu iliyoinama mbele tangu mwanzo huonekana ngumu ingawa inapinda ipasavyo. Hapo hutumia kipande kifupi cha mbao kilichonyooka, chenye penseli katikati, nikakitelezesha tumboni upinde ukiwa umevutwa: penseli huchora pale tu pasipopinda vya kutosha. Upote mrefu nao hupotosha, hivyo huuacha mara mkono unapokubali kutungwa upote mfupi, kwanza kwa nafasi ndogo, hatimaye sentimita 15 hivi kutoka mshikoni.

Kwa anayevuta kwa kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, mkono wa chini huuacha mgumu kidogo kuliko wa juu. Ukwanguaji husita sentimita 3 hivi kabla ya mvuto kamili, kwa kuwa msasa na mishale ya kwanza vitaupunguzia upinde nguvu, na marekebisho ya mwisho huyafanya baada ya kuupigia mishale mingi, nikiurudisha kigingini kila mara.