Umesoma sosholojia, unataka kazi ya masoko Marekani: yasemwayo na yalivyo

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma sosholojia, siasa, saikolojia au uchumi Marekani kwa viza ya F-1 hupeana ushauri mwingi kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwingine umeshapitwa na wakati. Anayelenga masoko huumia zaidi, maana fani hii haina leseni wala bodi ya kukutambua. Kinachokubeba ni kazi unayoweza kuionyesha, na tarehe.

"Masoko ni ya waliosoma biashara"

Zana kubwa za utafiti wa masoko zimepita mikononi mwa wanasosholojia. Paul Lazarsfeld alifika Marekani kutoka Vienna mwaka 1933 kwa ufadhili wa masomo, akabaki, na baadaye akajenga katika chuo cha Columbia kituo kilichochunguza wasikilizaji wa redio na wanunuzi. Mwenzake Robert Merton hutajwa kila panapoelezwa chimbuko la majadiliano ya vikundi, yale ya kuwaketisha watu wachache na kuwachokonoa juu ya sabuni au tangazo.

Kosa ni kumpelekea mwajiri tasnifu ya kurasa 80. Ipunguze iwe kurasa mbili: swali lilikuwa nini, uliwauliza akina nani na wangapi, uligundua nini, na mwenye biashara afanye nini Jumatatu asubuhi. Hicho cha mwisho ndicho wanachokisahau wengi, kwa sababu chuoni hakina maksi.

Ambatisha na dodoso lako, kabla na baada ya kulirekebisha. "Je, umeridhika na bei na usafi wa mgahawa?" ni maswali mawili ndani ya moja, anayeona chakula ni ghali lakini meza ni safi hana pa kuweka alama. Hesabu nayo iseme wazi. Watu 100 waliochaguliwa kwa nasibu wanakuachia kosa la takriban asilimia 10 juu au chini. Ukitaka asilimia 5 unahitaji watu 385, na kwa asilimia 3 wanafika kama 1,067. Marafiki waliojaza fomu uliyoiweka status si sampuli ya nasibu, hata wakiwa elfu.

"Kibali cha kazi nitaomba nikishapata kazi"

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. OPT, kibali cha miezi 12 baada ya masomo, huombwa bila kuwa na mwajiri, na dirisha lake hufunguka siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu na kufungwa siku 60 baada yake. Ukimaliza 15 Mei, dirisha ni 14 Februari hadi 14 Julai. Ndani ya dirisha hilo kuna saa nyingine: afisa wa wanafunzi wa kigeni, anayeitwa DSO, akishaweka pendekezo lake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, maombi yako yanatakiwa yawe yamepokelewa na idara ya uhamiaji ndani ya siku 30. Anayengoja hadi Julai akarudishiwa fomu kwa sababu ya toleo la zamani au ada pungufu hana tena muda wa kutuma upya.

Kisha kuna siku za kukaa bila kazi: zisizidi 90 kwa jumla, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, zikihesabiwa tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye kadi ya kibali cha kazi. Kadi ikianza 1 Juni, siku ya 90 ni 29 Agosti. Tarehe hiyo unaichagua mwenyewe, mahali popote ndani ya siku 60 baada ya kumaliza programu, kwa hiyo asiye na kazi mkononi asikimbilie ya mapema.

Wachache wanajua kwamba kazi ya kujitolea isiyo na malipo, ya saa 20 au zaidi kwa wiki, husimamisha hesabu hiyo, mradi inahusiana na ulichosomea na haivunji sheria za kazi. Shirika dogo linalohitaji utafiti wa wafadhili wake linafaa kabisa.

Uhusiano huo wa kazi na masomo lazima uuandike mwenyewe kwenye tovuti ya SEVP, mpango wa serikali unaosimamia wanafunzi wa kigeni. "Nafanya masoko mtandaoni" haitoshi. Andika namna hii: "Naandaa madodoso, nachambua majibu ya wateja na kuripoti tofauti kati ya makundi ya umri, kwa mbinu nilizosoma katika kozi ya utafiti wa jamii." Ukibadili mwajiri au anwani, una siku 10 za kuripoti.

"Ile miezi 24 ya ziada ni ya wahandisi na watu wa kompyuta"

Fungua I-20 yako, fomu ya chuo iliyokupatia viza, usome namba ya programu. Uchumi wa kawaida, 45.0601, haumo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), ambayo ndiyo inayorefusha OPT kwa miezi 24. Uchumi wa kitakwimu, 45.0603, umo, na vyuo kadhaa vimehamishia programu zao huko kwa sababu hiyo hiyo. Mbinu za utafiti wa sayansi za jamii, 45.0102, ziliongezwa mwaka 2022. Mawasiliano ya kidijitali, 09.0702, yamo pia. Watu wawili wanaweza kukaa darasa moja la takwimu, mmoja akaondoka na mwaka mmoja wa kazi na mwingine mitatu. Swali hili liulize kabla ya kuchagua programu. Ukishahitimu, namba haigeuki kwa kuomba. Na kwa miezi hiyo 24 mwajiri lazima awe amejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi, na ajaze nawe fomu I-983 ya mpango wa mafunzo, kwa hiyo kujiajiri hakukubaliki.

"Kazi ya mtandaoni haihesabiki"

Inahesabika. Chaneli ya YouTube inayoingiza hela ya matangazo, posti ya kulipwa Instagram, au kusimamia kurasa za duka la Kariakoo ukiwa umekaa Ohio na kulipwa kwa M-Pesa: yote yanaweza kuchukuliwa kuwa kazi bila kibali. Pesa kuingia Dar es Salaam si kinga, kwa sababu mwili unaofanya kazi uko Marekani. Muulize DSO kwanza, kwa maandishi. Wakati wa masomo njia salama ni kazi za chuoni, hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, au CPT, yaani kibali cha mafunzo kazini kilichounganishwa na kozi, ambayo kwa kawaida hupatikana baada ya mwaka mmoja wa masomo. Angalia tu: CPT ya muda wote ikifika miezi 12, OPT ya ngazi hiyo ya masomo imekwenda.

"Mwajiri akikupenda, H-1B ni karatasi tu"

H-1B ni viza ya kazi ambayo mwajiri ndiye anayekuombea. Nafasi ni 85,000 kwa mwaka, 20,000 kati yake zikiwa za waliopata shahada za juu Marekani. Usajili ni Machi, kazi inaanza 1 Oktoba. Kwa watu wa masoko kuna kikwazo cha ziada: kazi lazima idai shahada ya fani mahususi. Maombi mengi ya wachambuzi wa masoko yalikataliwa kwa hoja kwamba shahada yoyote ingetosha, hadi kesi ya kampuni ya MadKudu dhidi ya idara ya uhamiaji, iliyofunguliwa 2020, ikaisha kwa makubaliano 2021 na yaliyokataliwa yakapewa nafasi ya kupitiwa upya. Ndiyo maana barua ya mwajiri inayosema "atasimamia mitandao ya kijamii" ni dhaifu, na inayotaja sampuli, takwimu na tabia ya mnunuzi ina nguvu.

Septemba 2025 yaliwekwa malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya; mwongozo wa Oktoba ukafafanua kwamba anayebadilisha hadhi, mfano kutoka F-1 kwenda H-1B, akiwa ndani ya nchi hayamhusu. Lakini ukisafiri nyumbani maombi ya kubadilisha hadhi yakiwa bado hayajaamuliwa, umeyatelekeza. Harusi ya dada isubiri, au muone mwanasheria kwanza.

Vyuo vikuu haviguswi na kikomo cha 85,000. Vina ofisi za masoko na mawasiliano, na vinaweza kuomba mwezi wowote. Ajabu ni jinsi waombaji wanavyozipita ofisi hizo wakizikimbilia kampuni za New York.

"Swali la ufadhili wa viza jibu hapana, utachujwa"

Fomu huuliza mawili. Je, unaruhusiwa kufanya kazi sasa? Mwenye OPT hujibu ndiyo. Je, utahitaji ufadhili, yaani mwajiri akuombee viza, sasa au baadaye? Ukikusudia kubaki kwa H-1B, jibu ni ndiyo, na uongo hapo unatosha kukufukuzisha baadaye. CV yenyewe iwe ukurasa mmoja, bila picha, umri wala hali ya ndoa.

"Makato kwenye mshahara ni yale yale kwa kila mtu"

Mwenye F-1, kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65. Maofisa wa mishahara hukata kwa mazoea. Angalia stakabadhi ya kwanza kabisa, umwombe mwajiri akurudishie. Akishindwa, dai IRS, mamlaka ya kodi, kwa fomu 843 ukiambatisha 8316.