Dawa ya endometriosisi unayoweza kuishi nayo

Mgonjwa wa endometriosisi akiacha dawa, mara nyingi kwenye faili lake huandikwa "hafuati matibabu". Nayapinga maneno hayo kila ninapokutana nayo. Ukiketi na mwanamke huyo ukamsikiliza, utakuta alimeza vidonge kwa miezi, na maumivu yakapungua kweli, ila akawa analia bila sababu, au damu ikawa inamtoka kidogo kidogo wiki baada ya wiki, au hamu ya tendo la ndoa ikamwisha kabisa. Akapima mwenyewe, akaona heri maumivu anayoyajua. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na naamini kwa dhati kwamba dawa isiyovumilika bado haijawa tiba, hata kama kipimo cha maumivu kimeshuka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ndiko hoja yangu inakotoka. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, juu ya utumbo na kibofu, na mara chache hata kwenye kiwambo, karibu na mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu, yaani watu wapatao milioni 190. Katika miaka ya 1920 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwaga chembe za utando huo tumboni. Maelezo hayo bado yana nguvu, lakini hayatoshi, maana damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi sana na wengi wao hawaugui. Urithi wa vinasaba na kinga ya mwili navyo vina sehemu yake.

Vinundu vya tishu hii hustawi kwa homoni ya estrojeni. Huzalisha prostaglandini, kemikali zinazokaza misuli ya mfuko wa uzazi na kuamsha neva za maumivu, na huuweka mwili katika hali ya mwako wa kudumu. Lakini ukubwa wa ugonjwa haulingani na ukubwa wa maumivu. Sisi madaktari hugawa endometriosisi katika hatua 4, na nimewatibu wanawake wa hatua ya 1 wasioweza kuinuka kitandani, na wengine wa hatua ya 4 walioujua ugonjwa wao pale tu walipokuja kutafuta mimba. Kwa hiyo ukiambiwa "ni kidogo tu, haiwezi kuuma hivyo", usikubali. Aliyekuambia hivyo amepima kinundu, hajapima maumivu.

Wengi hungoja miaka kabla ya kuambiwa wanachougua, na zamani ilikuwa lazima upasuliwe kwanza ndipo jina la ugonjwa litajwe. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliondoa sharti hilo. Dalili zikiashiria endometriosisi, matibabu yanaweza kuanza. Ultrasaundi ya kupitia ukeni au MRI vinasaidia sana, hasa kuona uvimbe wa ovari na vinundu vilivyozama ndani, ingawa picha safi haimaanishi kwamba huna ugonjwa.

Sasa dawa za maumivu. Hapa kuna jambo dogo linalobadilisha mengi, nalo ni saa ya kuanza. Ibuprofeni, naproksini, asidi mefenamiki na ndugu zao huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zile zilizokwisha kutengenezwa haziwezi kuzifuta. Anayesubiri hadi ajikunje kwa maumivu ndipo ameze kidonge amechelewa, na atasema dawa haifanyi kazi. Kama hedhi yako inatabirika, anza siku moja kabla, au dalili ya kwanza kabisa inapojitokeza, kisha meza kwa saa maalumu kwa siku 2 au 3 bila kuruka. Kula kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na aspirini asizitumie kabla ya kuongea na daktari. Parasetamoli inaweza kuongezwa juu yake, kwa sababu inafanya kazi kwa njia nyingine. Dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli na kodeini, naziogopa katika ugonjwa huu: hufunga choo, na choo kilichofunga huongeza maumivu ya nyonga, halafu mwili huzizoea upesi.

Kwa wengi dawa za maumivu peke yake hazitoshi, na hapo ndipo homoni zinapoingia. Lengo ni kutuliza ovari na kuufanya utando wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, ili hedhi ipungue au isimame. Najua jambo hili linawatia wengi hofu, kwamba damu isiyotoka inajikusanya ndani. Haijikusanyi. Utando haukujengeka, basi hakuna cha kumwagika. Hedhi ikisimama kwa sababu ya dawa hizi, dawa inafanya kile tulichoitaka ifanye.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vinaweza kumezwa mfululizo, bila ile wiki ya mapumziko, na kwa maumivu ya hedhi mimi hupendelea hivyo. Havimfai mwenye historia ya damu kuganda, mvutaji sigara aliyefikia miaka 35, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Huyo wa mwisho husahauliwa sana kuulizwa. Kama ndiwe, sema hata usipoulizwa.

Kundi la pili ni projestini peke yake, yaani homoni za kutengenezwa zinazofanana na projesteroni ya mwili: vidonge vya noretisteroni, vidonge vya dienojesti vya miligramu 2 kwa siku, sindano ya miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi, na kitanzi chenye levonojestreli. Kila mgonjwa huniuliza ipi ina nguvu zaidi. Jibu la kweli ni kwamba katika kutuliza maumivu zinakaribiana sana. Uingereza walifanya jaribio kwa wanawake zaidi ya 400 waliokwisha kupasuliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Waligawanywa: wengine sindano au kitanzi cha homoni, wengine vidonge vya homoni mbili. Baada ya miaka 3 maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili, na pengo la maana kati yao halikuonekana, ingawa waliopewa sindano au kitanzi walihitaji upasuaji mwingine mara chache zaidi.

Matokeo kama hayo ni habari njema kuliko yanavyosikika. Kama nguvu zinakaribiana, basi tuna ruhusa kamili ya kuchagua kwa kuangalia madhara. Ndiyo maana siku ya kwanza huwa simuulizi mgonjwa anataka dawa gani. Namuuliza ni kitu gani hawezi kukivumilia. Kuna ambaye matone ya damu ya kila siku yatamvurugia ibada na ndoa. Kuna ambaye amewahi kuugua sonona na anaogopa kurudi huko. Mwingine anataka mtoto baada ya mwaka mmoja. Hawa watatu hawatakiwi kutoka na karatasi ya dawa inayofanana.

Aliyewahi kuugua sonona, kwa mfano, simwanzishii sindano ya miezi mitatu. Sindano ikishaingia haitoki, na hisia zikiharibika atangoja mpaka iishe yenyewe. Namwanzishia kidonge, ambacho kikimkataa anaweza kukiacha siku hiyohiyo. Akikivumilia vizuri, tunaweza baadaye kufikiria njia ya muda mrefu. Anayetaka mtoto karibuni naye sindano haimfai, kwa kuwa uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi. Kitanzi cha homoni kinafanya kazi zaidi ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe, kwa hiyo madhara ya mwili mzima huwa madogo. Ila wengi huendelea kupevusha mayai wakiwa nacho, na kama maumivu yako huja katikati ya mwezi, huenda yakabaki. Jambo jingine: dienojesti na noretisteroni za kutibu endometriosisi hazikusajiliwa kama kinga ya mimba, basi usizitegemee kwa hilo.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu. Matone ya damu yasiyo na mpangilio huwa mengi wakati huo, kisha kwa wengi hupungua, hasa kidonge kikimezwa saa ileile kila siku. Naomba subira ya miezi mitatu kwa matone, kwa matiti kuuma, kwa chunusi. Siombi subira hata ya siku moja kwa mawazo ya kujidhuru au giza moyoni ambalo halikuwapo kabla ya dawa. Hilo likitokea, mwone daktari mara moja. Dawa tutabadilisha, na kubadilisha si kushindwa. Projestini moja kukukataa hakumaanishi kwamba zote zitakukataa.

Nawaomba wagonjwa waandike kwenye daftari au kwenye simu, kuanzia mwezi mmoja kabla ya dawa: maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10, damu, usingizi, hali ya moyo, siku walizoshindwa kwenda kazini au shuleni. Bila kumbukumbu ya kabla, mtu aliyetoka 9 akafika 5 husema bado anaumwa, na ni kweli anaumwa, lakini tungeweza kuitupa dawa iliyokuwa imeanza kusaidia. Kuna na wale walioshuka hadi 2 huku usingizi na furaha vimewatoka. Daftari lao linanionyesha kwamba dawa hiyo lazima ibadilishwe.

Projestini zikishindwa, zipo dawa zinazozima ovari kutokea kwenye ubongo. Sindano kama liuprolidi na goserelini huleta hali ya kukoma hedhi: joto la ghafla, jasho usiku, ukavu wa uke, mifupa kupungua uzito. Wiki za mwanzo zinaweza hata kuzidisha maumivu kabla ya kuyatuliza, na ni vibaya mtu kutoambiwa hilo mapema. Siku hizi hatuzitoi peke yake kwa muda mrefu. Tunamrudishia mgonjwa homoni kidogo, kiasi cha kulinda mifupa na kupunguza lile joto bila kuustawisha ugonjwa. Vidonge vya kundi jipya vimeongeza nafasi ya kuchagua: elagoliksi iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na mwaka 2022 ikafuata relugoliksi iliyochanganywa na homoni hizo ndani ya kidonge kimoja. Nikikumbuka danazoli, iliyotumika sana kuanzia miaka ya 1970 na kuwaotesha wanawake ndevu, wengine sauti ikawa nzito isirudi tena, naona tumetoka mbali.

Upasuaji wa matundu madogo una nafasi yake: dawa zikishindwa, uvimbe mkubwa wa ovari ukiwapo, utumbo au njia ya mkojo ikibanwa. Kwa vinundu vilivyozama ndani, kuvikata na kuvitoa kunahitaji mkono uliozoea kazi hiyo, basi uliza daktari wako hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Uvimbe wa ovari ukitolewa, hazina ya mayai nayo huguswa, hivyo lizungumzeni hilo kabla. Baada ya upasuaji, kama hutafuti mimba, homoni huchelewesha ugonjwa kurudi. Kutoa mfuko wa uzazi huwasaidia baadhi, lakini vinundu vilivyoachwa nje yake vitaendelea kuuma.

Na kuna maumivu ambayo homoni wala kisu haviyafikii. Neva zikipigwa miaka mingi, uti wa mgongo na ubongo huanza kukuza kila ishara, na misuli ya sakafu ya nyonga hujikaza kujilinda mpaka yenyewe inakuwa chanzo kipya cha maumivu. Dalili ni maumivu ya kila siku yasiyofuata mwezi, na uchungu wakati wa tendo la ndoa ulio mlangoni badala ya ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga anaweza kumsaidia mtu huyu kuliko mimi. Joto la chupa ya maji moto na kifaa cha kusisimua neva kwa umeme mdogo vinasaidia, tena havina madhara makubwa. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huwafaa baadhi. Gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, nimepunguza kuiandika: jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020 kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga, ambao laparoskopi, yaani kuchungulia tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo, haikuwaonyesha ugonjwa wowote, halikuona faida yake kuliko kidonge kisicho na dawa, huku kizunguzungu na usingizi vikizidi.

Nimalizie na wanaotaka mtoto, kwa sababu hao huambiwa "zaa utapona". Ushauri huo unaumiza. Mimba hutuliza maumivu kwa baadhi ya wanawake, kwa muda, na wengine haiwatulizi kabisa. Kumpa mtu mimba kama dawa, huku ugonjwa wenyewe unaweza kuzuia mimba, ni ukatili. Homoni nilizozitaja hazisaidii kushika mimba. Nyingi huizuia wakati unazitumia, kwa hiyo siku ya kuziacha ipangwe, na muda wa kujaribu ukubaliwe mapema. Kwa kawaida nasema miezi 6, kisha tumwone mtaalamu wa uzazi bila kungoja mwaka. Katika miezi hiyo maumivu yanaweza kurudi. Tutabaki na joto, fiziotherapia na parasetamoli. Dawa za jamii ya ibuprofeni katika mwezi wa kujaribu uliza kwanza, kwa kuwa zikitumika mfululizo katikati ya mwezi zinaweza kuvuruga yai kutoka. Siku 2 za kwanza za hedhi, ukijua kwa hakika huna mimba, mimi huziruhusu.