Kutaja Namba Si Kuhesabu: Kwa Nini Visoda Haviondoki Darasani Kwangu

Wiki iliyopita mzazi mmoja alisimama mlangoni mwa darasa langu la awali hapa Moshi, akaitazama ndoo ya visoda, yaani vifuniko vya chupa za soda, iliyokuwa katikati ya mkeka, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hawa watoto watachezea takataka mpaka lini? Wa kwangu anahesabu hadi hamsini." Mkononi alikuwa na chati ya namba yenye picha za kupendeza, aliyoinunua kwa nia njema, akaniomba niitundike na ndoo niiondoe. Ni mzazi wa tatu kuniambia hivyo muhula huu, na safari hii nimeona niandike.

Nilimwita mtoto wake. Akataja namba hadi 50 bila kukwama. Nikamwambia, "Nipe visoda vitano." Akachota kwa kiganja, akanipa, na tulipovipanga pamoja vilikuwa tisa. Nilipomuuliza vilikuwa vingapi, hakujibu "tisa", bali alianza upya: moja, mbili, tatu. Kwake, "vingapi" lilikuwa agizo la kughani.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni zinazotawala kuhesabu, na tatu kati yake ndizo zinazonihusu kila siku: kila kitu hupewa jina moja tu la namba, majina hufuata mpangilio usiobadilika, na jina la mwisho kutajwa ndilo idadi ya vyote. Mtoto yule alikuwa na kanuni ya pili peke yake, na hiyo ndiyo inayofundishwa na chati na nyimbo. Maembe matano yaliyochorwa kwenye chati hayasogezwi. Kidole cha mtoto hupita juu yake kwa kasi kuliko mdomo, naye hana namna ya kujua lipi amelihesabu na lipi bado. Kisoda huondoka upande huu kikaenda upande ule, na kile kitendo cha kukisogeza ndicho kinachofunga neno moja na kitu kimoja. Kwa hiyo visoda haviko darasani kwa sababu tumekosa fedha za chati. Hata ningepewa chati kumi, ndoo ingebaki pale pale.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulipita haraka, nami siwezi kulipita, kwa kuwa linahusu lugha yetu yenyewe. Mtoto hukariri "moja, mbili, tatu", lakini visoda vikiwa mbele yake anatakiwa aseme kimoja, viwili, vitatu. Watoto ni wawili, machungwa ni mawili. Neno "mbili" alilolikariri halifanani sana na "viwili", na nimewaona watoto wengi wakihesabu "moja, mbili" kwa usahihi kisha wakakwama nikiomba "viwili". Sita, saba na tisa hazibadiliki, hivyo hapo hupumua. Baadaye Kiswahili humsaidia mno, kwa kuwa "kumi na moja" na "kumi na mbili" zinajieleza zenyewe kwa namna ambayo "eleven" na "twelve" haziwezi. Ninapoona chati ya Kiingereza imetangulia nyumbani kwa mtoto wa miaka minne anayezungumza Kiswahili, nasikitika, kwa maana msaada huo ameachwa aupite bila kuutumia.

Ningependa pia kukiri mambo ambayo vitabu vya ualimu huyafunika. Kifaa kikiwekwa mkekani, somo haliingii lenyewe. Visoda vya rangi mchanganyiko huwafanya watoto wavipange kwa rangi wakasahau idadi, kwa hiyo siku ya kuhesabu navigeuza vyote upande wa ndani. Tena, wapo watoto wanaoleta viwili bila kukosea kwa miezi kadhaa huku wakiombwa vitatu wanachota tu; mwanasaikolojia Karen Wynn alionyesha mwaka 1990 kwamba namba hizi ndogo hujengeka moja baada ya nyingine, na mtoto wa namna hiyo hajachelewa. Anapovuka hatimaye, sina hakika kama ni visoda vilivyomvusha au ni umri wake, na sipendi kujitwalia sifa hiyo.

Mwezi uliopita mvulana mmoja aliamua kuhesabu meno ya kisoda. Alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu, akafika 20, akafika 30, akaendelea, kwa sababu duara halina mwanzo. Nilinyamaza. Akakitazama kwa muda, akaenda kwenye ubao, akachukua chaki, akapaka jino moja, akaanza tena hapo. Alipata 21, na ndiyo idadi yake. Hakuna mtu aliyemfundisha kuweka alama.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi, lakini msilipuuze. Visoda huloekwa kwa maji ya moto na sabuni, na makali yake hugongwa kidogo kwa nyundo. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kabisa kitu kinachoingia chote ndani ya kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni, na kisoda huingia. Yeye mpeni magunzi mazima. Mbegu za nyonyo, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga, zina sumu kali, wala zisiingie katika mchezo wa mtoto wa umri wowote.

Chati ya yule mzazi nimeitundika, maana haina ubaya. Naye nimemfungia visoda kumi kwenye bahasha, nikamwomba kwamba jioni asimwambie mtoto "hesabu", bali amwambie "niletee vitatu", na wakati wa kuandaa meza amtume vijiko vinne. Akileta vitano, asimsahihishe kwa maneno. Wavipange mbele ya sahani pamoja, kijiko kwa sahani, mpaka mtoto mwenyewe akione kile kilichobaki mkononi.