Shunga: "Haina sahihi, basi ni bandia"

Wanaoleta shunga, yaani picha za ashiki za Japani ya kale zilizochapwa kwa ubao wa kuchonga, zikaguliwe karibu wote huanza na neno hilihili: haina sahihi, haina mhuri, imeghushiwa. Jamani! Mwaka 1722 utawala wa Edo, serikali ya Japani ya wakati huo, ulipiga marufuku vitabu vya ashiki na kuagiza kila kitabu kipya kitaje mtunzi na mchapishaji wake. Kuanzia 1790, hata picha za karatasi mojamoja zikatakiwa kuwa na mhuri wa mkaguzi. Shunga ilichapwa nje ya utaratibu huo, na watu wakaendelea kuinunua. Nani angeipeleka kwa mkaguzi? Ukiukuta mhuri huo kwenye shunga, hapo ndipo pa kutia shaka. Kuhusu majina, mchoraji Kunisada alijiita Matahei kwenye shunga. Wengine walipenyeza yao ndani ya picha, kwa hiyo kagua pepeo na viambaza vilivyochorwa kabla ya kusema hakuna kitu.

Ila sahihi si kipimo. Igeuze karatasi. Mchapaji wa ubao husugua mgongo wa karatasi kwa kisuguo cha mkononi, baren, hivyo wino hupenya hadi nyuma na mistari huacha bonde unalolipapasa kwa kidole. Chukua lenzi ya kukuza mara 10: ukiona vinukta vilivyopangika, hiyo ni kazi ya mashine. Kisha tazama bluu. Mchoraji Utamaro alikufa 1806, na bluu ya Prussia ilienea katika picha hizi karibu na 1830. "Utamaro" iliyojaa bluu hiyo ilichapwa wengine wakiwa wameshamzika.

Mkunjo wa katikati nao si kasoro. Utamakura, shunga ya Utamaro ya 1788, ni picha 12 zilizofungwa kama albamu, na albamu hukunjwa. Tafadhali msiunyooshe kwa pasi! Pasi inalaza mabonde yale, na pale penye nakshi isiyo na wino, iliyobonyezwa tu kwenye karatasi, hairudi tena.

Kuna na maneno mengine ya watu. "Ilikuwa kazi ya wachoraji uchwara." Harunobu, Utamaro, Hokusai, Kuniyoshi: wote walichora shunga. Tena kwa kuwa haikupita kwa mkaguzi, mchapishaji aliweza kumwaga rangi na unga wa metali kuliko kwenye picha halali.

"Ya wanaume wapweke." Maktaba za kuazimisha ziliipeleka mlango kwa mlango, na wanawake walikuwemo kati ya wasomaji. Jina lake jingine ni warai-e, picha za kuchekesha.

"Wamevaa nguo kwa aibu." Uchi ulionekana kila siku kwenye mabafu ya umma, vazi ndilo lililomwambia mtazamaji huyu ni nani na wa tabaka gani.

Na yule mwanamke aliye na pweza kwenye picha ya Hokusai ya 1814? Mwandishi Mfaransa Edmond de Goncourt alimwona kama maiti. Maandishi yaliyomzunguka ni mazungumzo, na mwanamke mwenyewe anaongea, tena kwa raha zake.