Je, wajua? Samaki wa kilindini Antaktika huhesabiwaje ilhali hawaonekani?

Jibu linalokuja haraka ni sona: meli hutuma mlio majini na kusoma mwangwi wake. Dagaa wa Ziwa Victoria hupimwa hivyo. Lakini kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni kibofu cha hewa ndani ya samaki, na tuthifishi wa Antaktika, samaki mkubwa wa kilindini anayevuliwa huko, hana kibofu. Huelea kwa mafuta na mifupa myepesi. Anaweza kukaribia mita 2 na kupita kilo 100, lakini kwenye sona huonekana kwa shida.

Dhana nyingine imekita mizizi zaidi: kwamba samaki wa kilindini akishavutwa juu harudi akiwa hai. Aliyevua chewa maji marefu amejionea tumbo likichomoza mdomoni na macho yametoka, kwa sababu hewa ya kibofu hutanuka kadiri mgandamizo wa maji unavyopungua. Kutoka mita 1,500, mgandamizo hushuka mara 150 hivi. Tuthifishi hana hewa ya kutanuka, kwa hiyo hufika sitahani mzima. Upungufu uleule unaomficha kwenye sona ndio unaowezesha kumvisha alama, kama hereni ya ng'ombe, na kumwachia.

Hesabu yenyewe ni hii. Una gunia la maharage usilojua idadi yake. Toa punje 100, zipake rangi, zirudishe, tikisa sana. Kisha chota 200. Ukikuta 4 zenye rangi, basi moja kati ya kila 50 imepakwa. Uliyopaka ni 100, kwa hiyo gunia lina kama 5,000.

Shida iko kwenye neno "tikisa". Bahari ya Ross, huko Antaktika wanakovuliwa tuthifishi, haitikisiki. Wengi wa tuthifishi hukamatwa tena karibu na walipoachiwa. Meli zikirudi palepale, wenye hereni huonekana wengi na akiba, yaani jumla ya samaki waliomo baharini, ikadhaniwa ndogo; barafu ikifunga eneo hilo, mambo hugeuka. Kosa la hatari zaidi ni hereni kudondoka au samaki kufa baada ya kuachiwa: wanaorudi hupungua, akiba huonekana kubwa kuliko ilivyo, na kiwango cha kuvua kinaweza kupandishwa kimakosa.

Ndiyo maana kila samaki huvishwa hereni mbili za plastiki, moja kila upande wa pezi la mgongoni. Sindano huingizwa kwa mshazari hadi kishikizo chenye umbo la T kinase nyuma ya mifupa ya pezi, kisha huvutwa kidogo kuhakikisha imeshika. Tuseme hereni moja kati ya 10 hudondoka. Zote mbili zitadondoka kwa samaki mmoja tu kati ya 100. Wanaorudi na moja ndio wanaofichua kasi ya upotevu.

Samaki huchaguliwa pia. Aliyenaswa mdomoni kwa ndoana moja anafaa. Anayevuja damu matamvuani hafai. Mkubwa hunyanyuliwa kwa wavu, si kwa kulabu. Asikawie hewani, maana baridi huweza kugandisha macho na matamvua. Na majitu yasiachwe kwa sababu ni mazito kubeba: saizi za wanaovishwa lazima zifanane na za wanaovuliwa, la sivyo gunia linapimwa kwa punje ndogo tu.

Katika sehemu kubwa ya Bahari ya Ross kiwango cha kuvisha hereni ni angalau samaki 1 kwa kila tani iliyovuliwa. Kinasimamiwa na CCAMLR, tume ya kimataifa ya kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika yenye makao yake Hobart, Australia, chini ya mkataba wa mwaka 1980. Kila meli ya zulumati (kamba ndefu yenye ndoana nyingi) hapo hubeba waangalizi wawili wa kisayansi, mmoja wao kutoka nchi nyingine. Samaki aliyeachiwa na meli ya New Zealand anaweza kunaswa miaka kadhaa baadaye na meli ya Korea Kusini. Hapo hereni hupigwa picha, urefu hupimwa, mawe ya sikio hutolewa ili umri usomwe kwenye pete zake, na namba hutumwa Hobart kulinganishwa na ya siku alipoachiwa.